Salamu za Mjomba wa Kaseti

Siku nilipomwona Bi. Mastura kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeinama juu ya redio ya mteja, nikitoa mende waliokufa ndani yake. Asiyefanya kazi hii hajui jinsi mende wanavyopenda redio za watu wasafi. Ilikuwa mwaka wa 1987, katika joto lile la kabla ya masika, na kibanda changu nyuma ya soko la Malindi kilinuka moshi wa risasi ya kuungia nyaya na samaki wa jirani. Yeye alisimama nje juani, amevaa buibui, ameshika mfuko wa ukili. Aliniamkua, akangoja, akaniamkua tena, kwa sababu mara ya kwanza jibu langu halikutoka mdomoni. Mimi ndivyo nilivyo. Mwanamke nisiyemjua akinisemesha, ulimi wangu hushikana na kaakaa.

Alitaka kunakiliwa kaseti. Nilidhani ni taarabu ya harusi au kasida za Maulidi, maana ndizo nilizozoea kuletewa. Nikaitia mashineni kuipima. Ikatoka sauti ya mwanamke anayejilazimisha kuwa mwanamume, nzito kama ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Ilimwamkua msichana fulani, ikamuulizia mamake na nduguze, ikamwambia "mimi ni mjomba wako", kisha ikamwomba neno la siri la kufungulia kompyuta ya kazini kwake. Nikaizima. Niliona nimeletewa kitu cha wizi.

Alicheka, akasema ile sauti ni yake mwenyewe na anajua ni mbaya, kwani wanafunzi wake huangua kicheko badala ya kujifunza. Alikuwa mwalimu katika chuo cha uchapaji pale mjini. Akaniuliza kama ningeweza kuyasema mimi maneno yale, kwa kuwa sauti yangu ni ya chini na ya upole, na mtu wa sauti hiyo hakuna amshukuye. Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa.

"Hutakuwa mwizi, Fundi," akasema. "Utaniazima sauti tu."

Maisha yake niliyajua kidogo kidogo, siku alizokuja kibandani. Alizaliwa Mambrui. Babake alipofariki akaletwa Malindi akiwa mdogo, akakulia mtaa wa Shella pamoja na mamake, Bi. Shekha, aliyekuwa akidarizi kofia. Alisoma hadi kidato cha nne, akaajiriwa katika hoteli moja ya ufuoni kuunganisha simu. Hoteli ilipoleta kompyuta ya kuwekea bili za wageni, yeye akapewa kuwasimamia wasichana wa mapokezi. Mashine ile haikufunguka bila ya neno la siri, na neno lile walilijua wasichana wenyewe na meneja.

Mmoja wa wasichana hao aliitwa Kahonzi, Mgiriama mwenzangu kutoka Jilore. Mchana mmoja alipiga simu mtu mwenye sauti ya kizee, akamwamkua Kahonzi taratibu, akamuuliza mvua za huko kwao, akakohoa kidogo, akasema yeye ni mjomba wa mwenye hoteli, yuko Mombasa, na kuna fundi anakuja kuitazama mashine lakini neno amelisahau. Kahonzi akamtajia. Jioni fundi akaja kweli, kijana nadhifu mwenye mkoba, akakaa mbele ya mashine kwa muda mfupi, akaaga kwa heshima. Asubuhi bili za kundi zima la wageni zilikuwa zimefutika, na wageni wenyewe wameshaondoka. Kumbe yule mjomba na yule fundi walikuwa watu wao.

Meneja alimfukuza Kahonzi mbele ya wapishi na watunza bustani, akimwita mjinga wa porini. Bi. Mastura alikuwa pale. Na alijua kwamba meneja huyo huyo alikuwa ameliandika neno lile kwenye kipande cha karatasi, akakiweka chini ya kioo cha meza yake, na kila aliyempelekea chai alikuwa akilisoma. Kila akifika hapo katika kusimulia, alikunja uso kama mtu aliyeuma embe akaona nusu ya funza.

"Hawakumfukuza kwa ujinga," aliniambia. "Walimfukuza kwa adabu yake. Mtoto amefundishwa tangu anatambaa kwamba mkubwa akiuliza hujibiwa. Nani aliyemfundisha kwamba kuna mkubwa wa kunyimwa?"

Akaacha kazi ya hoteli kwa kinyaa. Alisema hakuweza tena kukaa chumba kimoja na meza ile ya kioo. Ndipo akaenda kufundisha uchapaji, na chuo kilipopata kompyuta zake mbili, akaanzisha somo ambalo hakuna aliyemwagiza, la kulinda neno la siri. Alitaka kila msichana atakayeajiriwa hotelini au ofisini awe ameshamsikia mjomba yule mara moja kabla ya kupigiwa simu naye.

Tulirekodi kibandani kwangu, mlango umefungwa kwa sababu ya kelele za soko. Nilimwomba anipe ruhusa nigeukie ukuta. Maneno alikuwa ameyatunga yeye, na sentensi moja alinirudisha mara nyingi mpaka ikatoka kama alivyotaka: "Si ajabu umenisahau, mwanangu. Mara ya mwisho nilipokuona ulikuwa hujaanza kutembea." Alisema hapo ndipo msichana anapolainika, maana hawezi kubisha jambo la kabla hajapata akili.

Aliporudisha kanda nisikilize, nilichukizwa. Sijapata kuichukia sauti yangu namna ile. Ilikuwa tamu kama sharubati iliyoanza kuchacha. Ningekuwa mimi ni msichana, ningetaja neno la siri na jina la babu juu yake. Bi. Mastura alifurahi, na mimi nikaenda kusukutua.

Baadaye niliitwa chuoni kutengeneza mashine ya kaseti, nikaketi nyuma ya darasa huku nikiifungua, na hivyo nikaliona somo lenyewe. Aliwasikilizisha wasichana kaseti, akiizima kila mjomba anapouliza ili wao wajibu. Mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, mjomba mwenyewe mtamu hivi, ana mke?" Darasa zima likacheka, nami nikaingiza kichwa ndani ya mashine. Lakini mjomba alipofika kwenye neno la siri, msichana yule yule alitaja. Na wa pili wake akataja. Kuna aliyejaribu kukataa, akasema "sitaki" kwa ukali, kisha akajishika mdomo kwa aibu, wenzake wakamzomea kwamba huko kwao hawana wazee.

Bi. Mastura hakuwacheka. Aliwaambia wamelelewa vizuri, na kwamba yule mwizi analijua hilo kuliko wao, ndiyo maana hutumia salamu mahali ambapo mwizi mwingine hutumia nondo. Kumfukuza mjomba kwa matusi hawataweza, wala hakutaka waweze. Ilibaki kutafuta namna ya kumkatalia mkubwa bila kumvunjia heshima, na alikiri mbele yao kwamba yeye mwenyewe bado hajaipata vizuri.

Ndiyo sababu alitaka kaseti ienee. Aliona kwamba mwalimu mmoja Malindi hawezi kuyapata majibu yote, na walimu wengine wako Kilifi na Mombasa, na makarani wako mpaka kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni. Wakipewa somo watalijaribu, na wakipata lililo bora wataliongeza. Akaniletea kaseti tupu, nikawa nanakili kila nipatapo nafasi.

Hapo tulibishana. Nyuma ya kaseti kuna vijimeno viwili vya plastiki. Ukivivunja, hakuna awezaye kurekodi kitu kingine juu yake. Mimi nawajua watu. Nikamwambia nivivunje, la sivyo somo lake litafutwa na nyimbo kabla halijafika Kilifi.

"Usivunje," akasema.

"Watafuta, Mwalimu."

"Na atakayekuwa na jibu zuri kuliko langu atalitia wapi? Upande wa pili uache mtupu. Huo ni wao."

Alizipeleka mwenyewe baadhi, siku zake za mapumziko, na nyingine tukazituma kwa madereva wa malori ya chumvi. Aliyoyakuta huko aliyasimulia kwa uso uleule wa embe. Mwalimu mmoja wa Kilifi, upande wa Kibarani, alipomwona anaingia alifuta ubao haraka asije akaibiwa somo. Mwingine alipokea kaseti bila ya asante, na alipoombwa aonyeshe naye anavyofundisha, alijibu kwamba kila mtu na chungu chake. Nimemwona mbwa akifukia kichwa cha papa mchangani, akisimama juu yake na kuwaonyesha wenzake meno, naye hali wala hawaachii. Ndivyo walivyokuwa watu hao, na wana vyeti.

Lakini wa karibu ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Mkuu wa chuo cha Bi. Mastura aliitwa Bwana Joram, mtu wa manukato mengi na leso nyeupe. Mwanzoni alilicheka somo lile. Kisha meneja mmoja wa hoteli alipolisifu mbele yake, akagundua kwamba ni lake. Akaja kibandani kwangu asubuhi moja, hakuamkua, akatazama kaseti zilizopangwa juu ya meza.

"Hizo ni mali ya chuo," akasema. "Wanafunzi wanakuja kwangu kwa kuwa ninacho ambacho Kilifi hawana. Ukiwapa Kilifi, mimi nitabaki na nini?"

Nikaendelea kuunga waya. Yeye akatema ndani ya leso ile nyeupe, akaikunja vizuri kwa pembe zake, akaitia mfukoni. Akaondoka. Harufu ya manukato yake ilibaki kibandani mpaka adhuhuri, nami nikafungua mlango na dirisha nikaona afadhali ya samaki.

Bi. Mastura naye aliitwa ofisini. Alielezwa kwamba kulieneza somo kama hilo ni kuwafundisha wezi. Alimjibu kwa upole kwamba wezi wanalijua somo hili tangu zamani, na wasiolijua ni wanaoibiwa. Akaamriwa akabidhi kaseti mama, ile ya kwanza ambayo nakala zote zilitokana nayo, pamoja na nakala zilizobaki. Akasema kaseti amezinunua yeye, sauti ameiazima, na maneno ni yake.

Tuliogopa Joram asije kibandani kunitisha nikiwa peke yangu, kwani sote wawili tulijua mimi si mtu wa kustahimili kutishwa. Tukaona mahali pa salama ni Shella, nyumbani kwa Bi. Shekha, ndani ya sanduku lake la nguo. Bi. Mastura akazibeba zote, pamoja na ile mama. Mimi sikubaki hata na moja. Wakati huo hoteli zilikuwa karibu kufunguliwa kwa msimu wa wageni, na wasichana wapya walikuwa wanaandikwa kazi. Alikuwa amepanga kila mmoja wao amsikie mjomba kabla ya kukaa mezani, ili asipatikane Kahonzi mwingine.

Haikupita wiki akaja kibandani mchana wa jua kali, akakaa juu ya kreti bila ya kuambiwa karibu. Aliomba maji. Akasukutua, akatema nje, akasukutua tena, kama mtu aliyelishwa kitu.

Mzee mmoja alikuwa amekwenda Shella akiwa amevaa kanzu safi na kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono. Alibisha hodi kwa adabu, akamwamkua Bi. Shekha, akasema yeye ni jamaa yao wa upande wa Mambrui na ametumwa na Mastura kuchukua kaseti zake, maana zinahitajika chuoni. Bi. Shekha akamkaribisha. Akampikia kahawa, naye akanywa mpaka dele zima, birika la kahawa, likaisha. Aliisifu kofia iliyokuwa ikidariziwa. Aliulizia hata miguu ya Bi. Shekha inayouma. Kisha akafunguliwa sanduku, akapewa zote katika kikapu, na kikapu akaambiwa asihangaike kukirudisha upesi.

Bi. Mastura aliporudi, mamake alimsimulia kwa furaha jinsi jamaa bado wanavyokumbukana. Alikuwa amemuuliza yule mzee mbona Mastura hajapata kumtaja. Naye akajibu, "Si ajabu amenisahau. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa hajaanza kutembea."

Niliweka bisibisi chini. Yalikuwa maneno yetu. Ilikuwa sauti yangu, imevalishwa kanzu, inakunywa kahawa ya mwanamke mzee. Tulipomwulizia sokoni tukamjua, ni Stambuli, dalali wa viwanja, rafiki wa Joram, mtu wa kusema na kila mlango. Joram alikuwa amekaa naye akamsikilizisha nakala ya darasani, iliyobaki chuoni, akamfundisha. Alilisoma somo la kujikinga na wizi ili apate kuliiba somo lenyewe. Katika maisha yangu nimefungua redio zilizooza, nimekuta panya waliokauka wamekumbatia betri. Sijakutana na uchafu unaofika hapo.

"Mwanafunzi wangu aliyefaulu ni huyo," Bi. Mastura akasema, na hakuwa akicheka.

Nilimuuliza kwa nini hakumsikilizisha mamake kaseti hata mara moja. Alikunywa maji yaliyobaki. Kisha akaniambia kwamba aliona haya. Angemwambiaje mama kuwa mzee mwenye kofia kichwani anaweza kuwa mwizi, na mama ndiye aliyemfundisha kumwamkua kila mzee? Hakumlaumu. Mpaka leo nadhani Bi. Shekha hajui kwamba aliibiwa. Aliendelea kuuliza mgeni yule atarudi lini, na kukitamani kikapu chake.

Bi. Mastura alikwenda kwa Joram. Joram hakukanusha chochote. Kaseti zilikuwa zimepangwa ndani ya kabati la kioo ofisini, kila moja imebandikwa muhuri wa chuo na kuvunjwa vijimeno vyake. Alikuwa akiwachezea wageni wake kama kichekesho. Akamwambia Bi. Mastura kwamba hajapoteza kitu, anaweza kuja kila siku kuzitumia, alimradi ni humo ndani. Bi. Mastura akaweka funguo za darasa juu ya meza, akatoka. Aliniambia meza ile nayo ilikuwa na kioo.

Nilisema turekodi upya. Jambo jepesi, sauti ninayo na maneno ninayajua. Tukafunga mlango, nikageukia ukuta, nikaanza. Haikuwezekana. Kila nikisema "mwanangu" lilitoka kama tusi. Nikiuliza habari za mama, namwona Stambuli amekaa juu ya mkeka wa Bi. Shekha anapuliza kahawa. Kwa kaseti tuliyopata, hata mtoto angemkimbia mjomba huyo. Tulijaribu siku nyingine na nyingine, na karaha yangu ilizidi kusikika. Mwisho akaniambia tupumzike.

Basi tukabaki na njia ya kuziita zile nakala tulizozitoa. Akawapelekea habari walimu wote na madereva, kwamba mwenye kaseti ya mjomba airudishe tuinakili upya. Zilirudi. Ya kwanza niliitia mashineni mbele yake, ikatoka ngoma ya harusi. Ya pili ilikuwa ni mpira unatangazwa, na katikati ya kelele za goli akasikika mjomba akiuliza "mama hajambo?" kisha akamezwa tena. Nyingine ilikuwa na mwalimu wa Kibarani mwenyewe, yule wa kufuta ubao, akiimba kwa kujifurahisha, na haimbi vizuri. Nyingine ilinata, ikanuka mafuta ya taa, haikuzunguka kabisa. Nilimtazama Bi. Mastura kila nikibonyeza. Sikumwambia kwamba nilimwonya. Alikuwa akilijua hilo bila ya mimi.

"Vunja basi," akasema siku hiyo. "Zinazokuja vunja."

Hazikuwapo za kuvunja. Lakini siku chache kabla ya hoteli kufunguliwa, akatokea mwanamke mbele ya kibanda, viatu vyake vyeupe kwa vumbi la chumvi. Aliniamkua kwa Kigiriama. Alikuwa Kahonzi. Sikuwa nimemwona kabla, nilikuwa nimemsikia tu katika masimulizi. Alikuwa amepata kazi Gongoni, katika ofisi ya kampuni moja ya chumvi, na dereva wa lori alimpa kaseti ile bila ya kujua ni nani anayempa. Bi. Mastura alikuwa ndani. Walishikana mikono, wakakaa hivyo, na mimi nikatazama chini.

Upande wa kwanza ulikuwa mzima. Sauti yangu ilitoka vilevile, tamu, inachacha. Nikanyoosha mkono kuizima ilipokwisha, Kahonzi akasema geuza.

Upande wa pili ulikuwa wake. Alikuwa amejirekodi akimjibu mjomba, peke yake, na nyuma yake kunasikika upepo. Hakuruka salamu hata moja. Aliitikia zote, akasema mama hajambo anawasalimu sana, akashukuru kuulizwa habari za mvua. Kisha akasema: "Mjomba, neno hilo ni amana. Nimewekewa na watu. Wewe ungeniwekea amana yako, akaja mtu mwema akaniuliza vizuri, ungependa nimpe? Njoo ofisini, karibu chai, nikuitie aliyeniwekea mzungumze naye."

Bi. Mastura aliirudisha, akaisikiliza tena. Ndilo jibu alilokuwa akilitafuta tangu siku ya meza ya kioo, nalo lilitoka kwa yule waliyemwita mjinga wa porini. Mkubwa gani atakasirika akiambiwa amana? Akikasirika, amejifichua mwenyewe.

Kahonzi alitueleza kwamba si la kutungwa. Alikuwa amepigiwa simu kweli kule Gongoni, na sauti ni ile ile ya hotelini, na kikohozi kile kile kabla ya kuomba. Amemjibu hivyo hivyo, na mjomba akakata simu kabla ya chai. Jioni yake akakaa akarekodi, kwa kuwa aliona upande wa pili uko mtupu na hauna haja ya kubaki mtupu.

Tulinakili mchana kutwa. Wasichana wa msimu ule waliandikwa kazi wakiwa wameshamsikia mjomba na kumsikia Kahonzi. Sikusikia kwamba mmoja wao alifukuzwa kwa sababu ya neno la siri. Joram alibaki na kabati lake. Nilipata kuitwa huko baadaye kutengeneza kibonyezo cha mashine, nikaona kaseti zimepinda nyuma ya kioo kwa jua la mchana linalopiga pale, kanda zimetoka nje kama matumbo ya samaki. Alizidi kuwaonyesha wageni. Niliitengeneza mashine, sikunywa soda aliyonipa.

Bi. Mastura alifundisha kwa muda katika chumba cha kukodi, akiwatumia kaseti wote waliotaka, hata yule mwimbaji wa Kibarani. Mwaka uliofuata aliolewa na mtu wa Tanga, akahama na mamake. Sijamwona tena. Lakini siku ya kuondoka alipita kibandani kuchukua kaseti za kwenda nazo, na kabla hajazifunga nikamwambia jambo lililokuwa likinisumbua. Tangu mambo ya Stambuli, mtu akiniamkua vizuri sana mimi huanza kuchefukwa. Kaseti ile nayo, nusu yake ni salamu, na siwezi kuzisikia bila ya kumwona yule mtu na kikombe chake. Nikamwomba anikubalie nizikate zote, tuanzie pale mjomba anapolitaka neno, maana hapo ndipo penye somo. Yalikuwa maneno mengi kwangu, na niliyasema nikitazama bisibisi.

Alizipanga kaseti ndani ya mfuko wake wa ukili, akaufunga, akatoka juani. Vijimeno vya zote vilikuwa vizima, maana alikuwa amenikataza tena kuvivunja. Kisha akageuka, akaniaga, akaniombea afya, akaniulizia mamangu aliyeko Jilore, kama alivyofanya siku zote, akangoja mpaka nikajibu. Ndipo akasema:

"Salamu usizifute, Fundi. Salamu hazijamkosea mtu."